Mizani ya Barua ya Kuning'inia: Mwongozo kwa Asiyejua Kinachomsubiri

Umeona picha kwenye simu. Kidude cha shaba, umbo la robo ya chapati, pete juu, kibanio chini, namba zimejipanga ukingoni kama watoto wa chekechea. Muuzaji ameandika kwamba ni cha kale, ni adimu, na kinafanya kazi vizuri. Moyo umeshaanza kukuambia kitapendeza sebuleni, pale karibu na picha ya babu. Weka simu chini kwanza, unywe maji. Wenzako tulianza hivyohivyo.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye pesa bado ziko mfukoni. Walioshanunua hawauhitaji. Wao waombewe.

La kwanza kujua ni kwamba kidude hicho kina kazi moja tu duniani: kukuambia kama barua yako imezidi uzito wa stempu moja. Hakipimi mchele, hakipimi nyama. Cha kwangu kinaishia gramu 100, na hapo ni kwa kujitutumua. Mama mkwe alipokiona mara ya kwanza kimening'inia kwenye msumari alikizunguka taratibu, akakigusa kwa ncha ya kidole, akauliza, "Mwanangu, hiki ni cha kupimia dagaa mmoja mmoja?"

"Hapana, mama. Ni cha kupimia barua."

Akanitazama kwa huruma. "Barua ya nani?"

Swali la haki kabisa, na jibu lake linaanzia Uingereza kabla ya mwaka 1840. Posta ya huko ilikuwa inatoza kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Karatasi mbili zililipiwa mara mbili ya moja, na bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, ndiyo maana watu walikunja barua yenyewe na kuandika anwani mgongoni. Wabanaji walijaza ukurasa, wakaugeuza ubavu, wakaandika tena juu ya maandishi yaleyale. Aliyelipa kwa kawaida ni mpokeaji, kwa hiyo ungeweza kufilisiwa na ndugu mwenye maneno mengi. Karani akishuku, aliinua barua kwenye mwanga wa mshumaa akachungulia ina karatasi ngapi. Hapo mizani ya nini? Jicho lilitosha.

Kisha akaja Rowland Hill na kijitabu chake cha mwaka 1837, akidai kwamba umbali si gharama kubwa na kwamba barua itozwe kwa uzito, alipe anayetuma. Tarehe 10 Januari 1840 likawa: peni moja, kokote ndani ya nchi, mradi barua haizidi nusu wakia. Nusu wakia ni gramu 14 na kidogo. Karatasi tatu za A4 za leo, kabla hata ya bahasha, zimeshavuka. Kuanzia siku hiyo kila mwenye meza ya kuandikia alipata wasiwasi ambao baba yake hakuwa nao, na mafundi wa Birmingham hawakuuacha wasiwasi huo ulale njaa. Walitoa mizani za barua za kila umbo: zenye vitanga viwili, zenye umbo la kinara cha mshumaa, za kusimama, za kuning'inia. Kule London kampuni ya S. Mordan, iliyokwisha kujijengea jina kwa penseli za kusukuma risasi, nayo ikaingia. Wasiwasi mdogo wa peni moja ukalisha watu kwa zaidi ya miaka mia.

Sasa tuje kwenye kuingizwa mjini.

Mizani za kuning'inia ni koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa springi, au kamani kama mafundi saa wa zamani wanavyoiita. Unazijua: ni ndugu za zile mizani za ndoano wanazotembea nazo wauza samaki. Springi ikivutwa kwa uzito mara mbili inarefuka mara mbili, kwa hiyo alama zake ziko sawasawa kama za rula. Ni rahisi kusoma na rahisi kuchoka. Springi iliyoning'inizwa kitu kwa miaka mingi hulegea, na haisemi kwamba imelegea.

Ukoo wa pili hauna springi kabisa, na huu ndio ninaoandikia. Huu ni ukoo wa timazi.

Shika moja mkononi, nikueleze. Bamba la robo duara limetobolewa tundu karibu na pembe yake. Tunduni imepita pini, na pini imebeba pete unayoshikia kwa kidole. Kwenye pini hiyohiyo umening'inia mshale mwembamba, huru kabisa, ambao hauna kazi nyingine zaidi ya kutazama chini, kama timazi ya fundi mwashi. Upande mmoja wa bamba kuna kibanio. Upande wa pili, mara nyingi kwa siri nyuma ya bamba, kuna donge la risasi. Ukibana barua, kibanio kinashuka, risasi inapanda, na bamba lote linazunguka nyuma ya mshale mpaka pande mbili zipatane. Mshale haukusogea, ni bamba lililopita nyuma yake. Namba iliyosimama nyuma ya mshale ndiyo uzito.

Uzuri wa ubunifu huu huonekana ukiulinganisha na binamu zake wa mezani. Mizani ya mezani ya aina hii inahitaji kusimama wima barabara, ndiyo maana nyingi zina skrubu kwenye mguu mmoja, na meza ikiinama nayo inasema uongo kwa heshima zote. Ya kuning'inia haina haja na meza. Inajitafutia wima wake yenyewe. Unaweza kuitumia ndani ya treni, ukiwa na mkono mtulivu na jirani asiyeuliza maswali.

Kosa ambalo kila mgeni hulifanya, nami nililifanya, ni kuziangalia alama na kudhani fundi alikuwa mlevi. Kwenye yangu, kutoka sifuri hadi 10 kuna upana wa kidole gumba. Kutoka 90 hadi 100 hapatoshi punje ya mchele kulala. Nilidhani jamaa aliishiwa nafasi, kama yule mchora mabango anayeanza KARIBUNI kwa herufi kubwa kisha anamalizia NI kwa vijiherufi vilivyobanana ukingoni. La hasha. Risasi ikiwa imening'inia chini kabisa, kuisogeza kando ni kazi nyepesi. Kadiri inavyopanda, mkono wake wa wenzo unazidi kutanuka na wa barua unazidi kujikunja, kwa hiyo kila gramu mpya inapata mzunguko mdogo kuliko iliyotangulia. Alama zinabanana kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Mwenye hesabu atasema uzito unafuata tanjenti ya pembe, na atakuwa sahihi, ila usimkaribishe aeleze wakati wa chakula.

Kwa hiyo, kinyume na akili ya kawaida, anayestahili kutiliwa shaka ni yule mwenye alama nzuri. Ukiona bamba la robo duara, risasi nyuma, mshale huru, halafu mgawanyo uko sawasawa kama rula tangu mwanzo hadi mwisho, rudisha taratibu mezani. Hiyo ilichongwa iwe pambo. Muuzaji ataisifu kwa usafi wa alama zake, nawe utabasamu ukijua usichomwambia.

Nadharia hii si ya juzi. Philipp Matthäus Hahn, mchungaji wa Kilutheri aliyehudumu Onstmettingen kusini mwa Ujerumani katika karne ya 18, alikuwa akitengeneza mizani za kuinama za namna hii pamoja na saa na mashine ya kuhesabu. Sijui waumini wake walionaje, ila eneo lile lilikuja kuwa la watengeneza mizani, na mpaka leo linaishi kwa kazi hiyo.

Utakutana na mtu atakayekuambia kwamba ukoo wa timazi ni bora kwa sababu haujali nguvu ya uvutano. Ni kweli. Timazi inalinganisha risasi na barua, na vyote viwili vinavutwa sawa popote ulipo. Springi iliyopangwa Hamburg na kuletwa Dar es Salaam itapunguza kama theluthi moja ya asilimia, kwa sababu huku karibu na ikweta mvutano ni hafifu kidogo. Kwa barua ya gramu 20 hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Ukimsikia mtu anapandisha bei kwa hoja hiyo, mwambie stempu yako haijui fizikia.

Tuje kwenye maandishi yaliyogongwa kwenye shaba, maana hapa ndipo watu waliosoma huanguka. Mizani nyingi za kuning'inia zinazouzwa leo zilitoka Ujerumani. Utaona imeandikwa GES. GESCH., na muuzaji atakuambia huyo ndiye mtengenezaji, bwana mmoja mashuhuri sana. Nimewahi kuuliza kama kuna kazi nyingine za huyo bwana, nikaambiwa alitengeneza pia vinu vya kahawa na vizibuo. Hakuna mtu huyo. Ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "imelindwa kisheria". Vilevile D.R.P. si Daktari P.; ni hataza ya Dola la Ujerumani. D.R.G.M. ni usajili mdogo zaidi wa umbo la kifaa, uliowekwa na sheria ya mwaka 1891, kwa hiyo mwenye herufi hizo hawezi kuwa wa mwaka 1850 hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Ukiona PhJM, hapo angalau umepata mtu: ni Ph. J. Maul wa Hamburg, ambaye mizani zake za mezani zilikuwa na ujanja wa kugeuza donge upande wa pili ili upate kipimo kidogo na kikubwa katika chombo kimoja. Ujanja mzuri, na umewafanya wengi wasome safu isiyo yao.

Umri halisi wa mizani ya barua unausoma kwenye namba zake, si kwenye kutu. Umoja wa Posta Duniani ulizaliwa Bern mwaka 1874, na kipimo chake cha kwanza cha barua kilikuwa gramu 15. Mkutano wa Roma wa mwaka 1906 ukakipandisha hadi 20, kuanzia Oktoba 1907. Ndiyo maana mizani ya zamani zaidi huwa imetia mkazo kwenye 15: mstari mrefu, au rangi nyekundu. Iliyotiwa mkazo kwenye 20 ni kijana. Kwa Uingereza angalia wakia. Tena jihadhari, maana baadhi ya mafundi wao hawakuandika uzito hata kidogo, waliandika bei. Peni 1 hapa, peni 2 pale. Mwaka 1871 posta ikaruhusu wakia nzima kwa peni, na mizani zile zote zikageuka waongo usiku mmoja bila kusogea mahali zilipokaa. Ukinunua ya namna hiyo umenunua tangazo la bei lililopitwa na wakati.

Hapa pwani tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na kufikia 1893 stempu zao zilikuwa zinagongwa chapa ya pesa, 64 kwa rupia. Ng'ambo ya mkondo, Unguja, mambo yalikwenda kwa njia ya India na Uingereza, yaani anna na wakia. Sasa chukua barua ya gramu 14 na nusu. Kwa mizani ya gramu 15 iko ndani ya mpaka. Kwa mizani ya nusu wakia imeshavuka. Karatasi ileile, wino uleule, maili chache za bahari katikati. Sina shaka wafanyabiashara wetu walilijua hilo kabla ya mtu yeyote Bern, maana watu waliopima pembe kwa frasila na dhahabu kwa tola hawakuhitaji kufundishwa kwamba uzito hutegemea unayepimiwa naye.

Sasa tuseme bado unaitaka. Sawa. Nenda na vitu viwili: sumaku na karatasi nne za A4, zile za kawaida za gramu 80. Sumaku ikinasa bamba, hiyo shaba ni ya juujuu, ndani ni chuma. Karatasi ni mawe yako ya mizani, na ni bora kuliko sarafu. A4 ni sehemu ya 16 ya mita mraba, na 80 kugawa kwa 16 ni 5. Karatasi moja gramu 5, nne gramu 20, popote duniani. Kwa watu wa Tanga wakati wa masika ongeza chembe ya unyevu.

Ipime tupu kwanza. Hapo ndipo nilipaswa kuanzia mimi, kwenye soko la vitu vikuukuu mjini Hamburg, Jumapili moja ya baridi. Lakini nilikuwa nimeshapenda. Nilifika nayo nyumbani, nikaipachika kwenye msumari, na mshale ukasimama kwenye gramu 3. Hakuna barua, hakuna kitu, gramu 3. Nikafunga feni. Gramu 3. Nikaipuliza vumbi, nikaipaka tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, nikaisemesha. Gramu 3.

Nikaipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu, mzee ambaye amepima pete za watu tangu sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini, heleni ya tembo?"

Nilimweleza. Akavaa miwani yake ya kukuza, akaigeuza mara mbili, wala hakuliangalia bamba. Aliangalia kibanio. Akakifungua kwenye kiungo chake, akakiweka kwenye mizani yake ndogo, akatikisa kichwa. "Mizani yako haina neno. Hiki ndicho si chake." Akanionyesha: shaba ya kibanio ilikuwa ya njano mbichi kuliko ya bamba, na kiungo kilikuwa waya uliopindwa kwa koleo badala ya riveti. Kibanio cha asili kilipotea mahali fulani katika miaka mia, na mtu akaweka kingine kizito zaidi. Kwenye ukoo wa timazi kibanio si kishikio tu; uzito wake umo ndani ya hesabu tangu fundi alipochora sifuri. Ongeza gramu 3 za shaba, na mizani itapima gramu 3 za shaba, kwa uaminifu, mpaka kiyama.

Mzee akachukua tupa, akakinoa mgongoni, akakipachika, akatazama, akakinoa tena. Dakika 20. Bamba likarudi, mshale ukatulia juu ya sifuri kama nzi kwenye ukingo wa kikombe. Nikabana karatasi moja: 5. Mbili: 10. Nne: 20. Alikataa hela. Aliniambia nikipata barua nije nimsomee.

Kuhusu matumizi sina mengi. Zima feni. Shika pete kwa kidole kimoja, usiibane. Subiri, itayumba kama mtu anayetafuta sababu ya kutokuja msibani, kisha itatulia. Usihangaike ubane barua katikati au pembeni: kibanio kikiwa kinacheza huru kwenye kiungo chake, haijalishi. Kikiwa kimegandishwa, inajalisha, na hiyo ni sababu nyingine ya kuirudisha mezani.

Bado onyo moja, ambalo naliandika kwa uchungu. Usiisugue. Namba za mizani hizi mara nyingi zimechongwa kidogo kisha zikajazwa rangi nyeusi au nta, na kilichobaki baada ya miaka mia kimeshikilia kwa imani tu. Siku niliyotoka kwa sonara nilikuwa na furaha mno. Nilipitia dukani nikanunua dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa laini, nikakaa barazani, nikaanzia pale dole gumba lilipoegemea lenyewe. Iling'aa kweli. Majirani walisimama kuangalia.

Yangu inauzwa. Ni ya Kijerumani, ina kibanio kilichonolewa, inasimama kwenye sifuri, na inapima kwa usahihi kuliko mizani nyingi za dukani. Namba kuanzia 15 hadi 25 hazisomeki tena. Njoo na karatasi zako nne uone.